Usiniambie "Ni Kali": Namna ya Kusimulia Muvi Barazani

Picha linaanza hivi: ni usiku wa mbalamwezi, Ujiji, na wavuvi wa dagaa hawakwenda ziwani. Dagaa huvutwa kwa taa, na mwezi ukishakuwa mkubwa taa ya mvuvi haina kazi, samaki hawakusanyiki. Kwa hiyo kila mwezi kina kaka hawa wanapata siku kadhaa za kulala usiku kama watu wengine, na hawalali. Wanakuja barazani kwangu, kwenye kibanda cha cherehani, kwa sababu nina televisheni ya inchi 32, sabufa na birika la kahawa. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei 2024 mpaka katikati ya Agosti, walinikausha kahawa na uniti za umeme za LUKU. Tuliangalia picha karibu kila siku.

Miezi ile mitatu ndiyo iliyonionyesha shida. Watu wazima wamekaa saa mbili macho kwenye kioo, wengine machozi yamewatoka. Kesho yake anakuja jirani ambaye hakuwepo, anauliza, "Ile ya jana vipi?" Jibu: "Kali." Ile ya juzi? "Mbovu." Na ya Jumapili? "Ya kawaida." Jirani anasimama pale na flashi yake mkononi, hajui aende kuwekesha muvi hiyo au abaki na hela yake. Hata pilipili ni kali.

Nikaanza kuwabana kwa maswali, na polepole tumepata utaratibu wetu. Nauandika hapa kwa yeyote mwenye baraza, saluni, kijiwe cha bodaboda, au shemeji mmoja tu wa kuongea naye habari za muvi.

Kwanza taja ulichoangalia

Muvi moja inatufikia kwa sura nne au tano. Kuna iliyorekodiwa ukumbini kwa kificho, kisogo cha mtu kinapita na watu wanasikika wakikohoa. Kuna safi, yenye maandishi chini. Kuna iliyotafsiriwa kwa sauti, mtu mmoja anazungumza Kiswahili juu ya waigizaji wote: baba yeye, mama yeye, mtoto mchanga yeye. Kuna sehemu ya kwanza ambayo ya pili yake hujaipata. Ukiniambia "giza tupu, sikuona kitu" kumbe uliangalia ile ya ukumbini, umemhukumu mwizi, aliyeipiga picha bado hujamfikia.

Hili la kutafsiriwa liliwahi kuniaibisha. Niliangalia picha moja ya Kichina, ndani yake kuna mzee amekaa mezani mbele ya mabakuli mawili ya wali. Anakula moja, la pili haligusi. Mtafsiri akasema, "Mzee mchoyo huyu! La pili anawaficha wageni!" Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Wiki nzima nikawa nawaambia wateja kuna muvi ya vichekesho, waitafute. Miezi ikapita, mpwa wangu akaja na picha ile ile, ila hii ina maandishi ya Kiingereza, akawa anatusomea. Bakuli la pili lilikuwa la mkewe. Alikufa mwanzoni kabisa mwa picha, na mzee anampakulia kila jioni. Baraza lilinyamaza kimya. Mimi nilikuwa nimebana sindano kwa midomo, nikasahau kuitoa.

Simkatazi mtu za kutafsiriwa. Mama yangu haoni herufi ndogo za kwenye kioo, na mtafsiri mwenye kipaji anaweza kuiokoa picha ambayo ingetulaza usingizi. Ninachotaka useme tu: "Nimeangalia ya kutafsiriwa." Na kama ulicheka, jiulize aliyekuchekesha ni nani.

Angalia kwa macho ya kazi yako

Watu wengi wanaogopa kutoa maoni kwa sababu wanadhani lazima uwe umesomea. Mimi sijasomea chochote zaidi ya kukata na kushona. Lakini nguo naijua, na kwenye muvi karibu kila mtu amevaa nguo.

Mfano. Kuna muvi ya hapa hapa nchini, sitaitaja maana waliohangaika ni watu. Kijana maskini anatoka kijijini anafika mjini, hana nauli, hana ndugu, amelala stendi siku mbili. Kamera ikamsogelea. Kwenye kifua cha shati lake nikaona mikunjo minne iliyonyooka, miwili kwa urefu na miwili kwa upana. Fundi yeyote anaijua mikunjo ile: ni ya paketi. Shati limetoka dukani asubuhi ile ile. Sasa nikikwambia "muvi haina uhalisia" nimekupa neno kubwa la bure. Nikikwambia "amelala stendi siku mbili na shati bado lina mikunjo ya paketi", umeona mwenyewe, na unaweza hata kunibishia.

Mvuvi mmoja wa Kibirizi naye ana macho yake. Tuliangalia picha ya dhoruba ya baharini, mawimbi marefu kuliko nyumba, na nahodha amesimama wima mbele ya chombo anahutubia. Mvuvi akacheka kwa pua. "Hakuna anayesimama hapo. Ukisimama umekwenda." Nikamuuliza, kwa hiyo ni mbovu? Akakataa. Akasema kuna mahali nahodha anahesabu watu wake kwa kidole, anafika wa mwisho, halafu anaanza upya kuhesabu. "Hiyo aliyeitunga ameshawahi kupotelewa na mtu majini, au ameongea na aliyepotelewa." Sikuwa nimeiona hesabu ile kabisa. Niliporudisha nyuma, ipo, sekunde chache tu.

Dereva wa bodaboda atakwambia pikipiki ile haiwezi kupanda mlima ule na abiria wawili. Nesi atakwambia dripu haifungwi hivyo. Mama wa nyumbani atakwambia sufuria liko jikoni lakini halina moshi wala mvuke. Yote ni maoni halali. Ila jipime kidogo: je, kosa lile limeiharibu hadithi au limekuudhi wewe tu kwa sababu ya kazi yako? Niliwahi kulalamika nusu saa nzima kuhusu mama mkwe aliyetoka chumbani na gauni la mikono mirefu akafika sebuleni mikono imekuwa mifupi. Mwalimu mmoja anayekuja kunishonesha sare akaniuliza, "Fundi, na yale maneno aliyomwambia mkwewe, uliyasikia?" Sikuyasikia. Nilikuwa nimekodolea mikono ya gauni.

Daftari la vipimo

Kumbukumbu inadanganya. Muvi ikiisha unabaki na mwisho tu, na sura ya staringi. Kwa hiyo mimi naandika, nyuma ya daftari la vipimo. Ukilifungua mbele utakuta "kifua 38, kiuno 32, urefu wa sketi 27, bitana nyeupe". Ukilifungua kwa nyuma utakuta hivi:

"Kikorea, sehemu ya 4. Mama anamenya vitunguu, binti anasema anaondoka. Mama haachi kumenya. Hajasema kitu. Nimelia."

"Kihindi. Dakika ya 50 nimeanza kuhesabu vifungo kwenye kopo. Nyimbo nzuri."

"Ya mapigano. Mzee wa jirani kasimama mara tatu. Mimi nilipika ugali katikati, niliporudi hakuna kilichonipita."

Andika pale mwili wako ulipofanya jambo: uliposahau kahawa ikapoa mkononi, uliposhika simu kutazama saa, ulipomshika jirani bega. Mistari mitatu inatosha. Kesho ukiulizwa, una kitu cha kumpa mtu, tena hukitungi. Lile la vitunguu nimewasomea watu wengi, na watatu wamekwenda kuitafuta tamthilia nzima bila mimi kusema kama ni nzuri.

Mwisho ni wa mwenye kuangalia

Wifi yangu aliwahi kuninunia wiki mbili. Tamthilia ya sehemu 16, yeye yuko ya 11, mimi nimemaliza. Akanitembelea na mgebuka wa kukaanga, tunakula, tunaongea mambo ya watoto, nikateleza: "Yaani yule daktari angejua kumbe ni kaka yake..." Akaweka samaki chini. Hakuumalizia.

Kwa hiyo barazani kwangu kabla hujasimulia unauliza, "Nani hajaiona?" Akiwepo hata mmoja, unaishia theluthi ya kwanza. Unaweza kusema ni habari ya nini, inatokea wapi, watu wanataka nini na nani anawazuia. Kwamba kuna kugeuziana mwishoni, hata hilo usiseme, maana ukishaniambia "subiri mwisho" nitakaa saa mbili namshuku kila mtu mpaka paka. Waliomaliza wakitaka kuujadili mwisho wanahamia upande wa mwembe na vikombe vyao. Ndivyo tunavyofanya kweli, wala si utani.

Ya kweli na nzuri ni maswali mawili

Hapa nitakaa kidogo, maana Kigoma tuna kesi yetu wenyewe.

Mpwa wangu alituletea picha ya zamani, The African Queen, ya mwaka 1951, iliyoongozwa na John Huston. Alisema inahusu Liemba, meli yetu ya zamani ya ziwani. Baraza lilijaa hata wasiopenda muvi, maana hapa nani hana ndugu aliyepanda Liemba? Ukweli wenyewe ni kwamba picha ile imetoka kwenye kitabu cha C. S. Forester cha 1935, na meli yetu ndiyo inayosemwa kumtia wazo. Kwenye muvi meli ya Wajerumani inaitwa Louisa, na picha zenyewe walikwenda kuzipiga Kongo na Uganda, sehemu nyingine studio Uingereza.

Ambaye hajaiona na anakusudia kuiona, aruke aya hii moja. Mwishoni Louisa inagonga kiboti kilichopinduka chenye mabomu ya kienyeji, inalipuka na kuzama. Mzee mmoja aliyestaafu reli alisimama na bakora yake. "Uongo! Liemba haikulipuliwa na mtu!" Na anasema kweli. Meli ile iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaja kwenye masanduku mpaka Dar es Salaam, ikapanda reli mpaka hapa, ikaungwa upya na kuingia majini 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani walipoona wanazidiwa waliizamisha wenyewe, tena mitambo wakaipaka grisi kwanza, wakitumaini kuja kuiibua. Waliokuja kuiibua ni Waingereza, 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Mzee alizungumza robo saa na tulimsikiliza, maana yale ni mali yetu na picha haikutuambia. Lakini alipomaliza kwa kusema "kwa hiyo muvi mbovu", nikamwomba radhi, nikamwambia, mzee wangu, hilo ni swali la pili na bado hatujalijibu.

Tukarudi kwenye picha. Kuna mahali boti ya mwanaume na mwanamke wa picha ile imenasa kwenye matete, injini haisaidii. Mwanaume, aliyeigizwa na Humphrey Bogart, anashuka majini kuivuta kwa kamba. Anapanda kupumzika, ana ruba mwili mzima. Anatetemeka, anachukia ruba kuliko chochote, na mwanamke anamnyunyizia chumvi ziachie. Halafu wanatazamana. Boti haijasogea. Hakuna aliyesema kitu, na yeye anajua, na mwanamke anajua. Anashuka tena majini. Bogart alipata Oscar kwa picha ile, nami nikiulizwa nitasema ni kwa kule kushuka mara ya pili. Mzee wa reli alifikiri, akasema, "Hapo, haya. Hapo nakubali." Lakini kuhusu Liemba hajawasamehe mpaka leo.

Kwa hiyo utenge. Ni kweli? Jibu lako na ushahidi wako. Ni nzuri? Jibu lingine, ushahidi mwingine, na huu utoke ndani ya picha yenyewe.

Filamu za maisha halisi nazo zinataka swali lao: picha hizi zilipigwa lini, na zimepangwa vipi? Tuliangalia Jane, ya Brett Morgen, ya 2017, kuhusu Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alipokuja Gombe mwaka 1960. Gombe ni jirani yetu, unapanda boti Kibirizi unapandisha na mwambao kuelekea kaskazini. Zaidi ya saa 100 za mikanda aliyopiga Hugo van Lawick miaka ile ya sitini zilikuwa zimehifadhiwa bila kutumika, ndizo zilizotengeneza filamu ile. Unamwona sokwe anachomeka bua kwenye kichuguu, anavuta mchwa, anakula. Unamwona sokwe jike Flo na mwanawe Flint. Mimi kwa kujiamini nikasema, "Sikilizeni mawimbi hayo, ni ziwa letu kabisa, sauti hiyo siwezi kuikosea." Baadaye nikasoma kwamba mikanda ile haikuwa na sauti, sauti ziliwekwa wakati wa kuitengeneza filamu. Ilibidi niwaambie wote nimekosea. Siku hizi kwenye filamu za namna ile nauliza habari ya sauti kabla sijatokwa na sifa.

Swali la baba mkwe

Kwetu muvi huangaliwa sebuleni, watu wamechanganyika. Kabla ya kumpendekezea mtu, mwambie wazi: hii naweza kuiangalia nimekaa na baba mkwe? Kuna muvi nzuri sana ambazo dakika ya ishirini zinamfanya kila mtu atafute rimoti, mtoto anauliza "mama wanafanya nini", na mzee ghafla anakumbuka hajaswali. Huna haja ya kusimulia kilichomo. Sema tu, "Hii angalia peke yako," au "Watoto wakalale kwanza, kuna damu." Anayekuja kwangu na watoto huwa namjibu hilo kwanza, mengine yanafuata.

Mkibishana

Vijana wa hapa wanaweza kukesha wakibishana nani staringi mkali zaidi, yule wa Kichina au yule wa Kimarekani mwenye upara. Hayo ni ya mpira, nayaacha yapite na maji ya kunywa. Ubishi ninaoupenda ni ule ambao watu wawili wameangalia tukio lile lile wakaona vitu viwili. Ukitokea, msitupiane "wewe hujaelewa". Neno lile limewahi kuvunja vikombe viwili barazani kwangu, na vikombe nanunua mimi. Rudisheni nyuma, angalieni tena pale pale, kila mmoja aonyeshe kwa kidole alichokiona. Mara nyingi mmoja alikuwa anaangalia uso wa anayesema, mwenzake anaangalia uso wa anayesikiliza.

Na umeme ukikatika katikati, usitoe hukumu ya nusu picha. Sema "nimefika nusu". Nimewahi kuisema vibaya muvi moja kwa nusu ya kwanza iliyonichosha, kumbe uchovu ule wote ulikuwa wa makusudi, nusu ya pili isingeuma bila huo.

Jambo jingine dogo: za wasanii wetu wa hapa, ukiipenda, tafuta pa kuilipia. Mimi mtu akisifia gauni langu halafu akaondoka nalo bila kulipa, sifa yake siipeleki dukani kununua uzi.

Mwezi uliopita mbalamwezi ilikuwa inaishia. Yule mvuvi wa Kibirizi aliangalia picha moja fupi hapa kwangu, ya baba na mwanawe wasioelewana, halafu akasimama kwenda kuandaa taa zake. Jirani akapita na flashi yake, akamuuliza ile picha vipi. Mvuvi alishaanza kushuka barabarani. Akajibu bila kugeuka:

"Nimeangalia safi, ya maandishi, mtoto wa fundi kanisomea. Kuna mahali baba anamfunga mwanawe kamba ya kiatu, na mtoto ni mkubwa, ana ndevu. Watoto wanaweza kuwepo. Mwisho sikwambii. Halafu kama una baba yako hai, usiiangalie Ijumaa, utashindwa kwenda kazini Jumamosi."

Jirani alinipa flashi palepale.